Lenzi ya Devotha na Kiti cha Katikati

Jumatatu, 11 Novemba

Devotha, huna akili. Nimekwambia mezani kwako mbele ya mumeo, na naandika tena hapa ili isifutike.

Mjukuu mzima, mpiga picha za harusi, ana kibanda chake mjini Morogoro na bango lenye sura yake. Jumamosi anaolewa mdogo wake Irene, kwetu Mgeta, na leo ndiyo ananiambia lenzi yake ni nyembamba. Ukoo hautaingia wote!

Ua wa nyumba ya ukoo umechongwa kwenye ubavu wa mlima. Ukigeuka una ukuta, ukirudi nyuma una bonde. Abeid, aliyepiga harusi iliyopita, alirudi nyuma kidogo kidogo ili watu wote waingie. Akaingia yeye, bondeni, kwenye kabichi za jirani yetu Fransisko. Fransisko alikimbia kuangalia kabichi kwanza.

Picha ile ipo ukutani hadi leo. Mimi nimetokea bega. Bega tu. Mama yangu hakuacha picha hata moja, watoto wakiuliza alifananaje nawaambia nitazameni mimi. Nami nikifa wataambiwa watazame bega.

Safari hii nakaa katikati.

Jumanne, 12 Novemba

Yustina kapiga simu. Anasema katikati ni pake.

Nimemzidi umri, nimemzidi mvi, nilimbeba mgongoni akininyea. Lakini yeye ni mtoto wa mama mkubwa na mimi wa mama mdogo, kwa hiyo kiukoo yeye ndiye dada. Mimi mdogo wake! Bibi wa meno manne ni mdogo wa mtu!

Huyo dada aliolewa Gairo, akala karanga za huko mpaka mumewe akafa, ndipo akakumbuka kwao. Nani alimwogesha mama yake mzazi siku za mwisho? Nani anapalilia makaburi? Mimi. Nimemwambia hayo. Kanijibu taratibu kwamba nimefanya vizuri, ndiyo kazi ya mdogo.

Nimekata simu.

Alhamisi, 14 Novemba

Nimekwenda na Devotha Msamvu, kwa Abdulswamad anayekodisha vifaa vya kamera. Kijana ana adabu. Kanipa shikamoo na kiti, halafu kasema nikikubali posa yake hatoi lenzi ya kukodi, anatoa duka. Nimemwambia mahari yangu hawezi, akamtunze mama yake.

Kaweka lenzi mbili mezani, zote za kuvuta, unazungusha pete mtu anasogea au anakwenda mbali. Moja inaanzia kumi na sita, ya pili inaanzia ishirini na nne. Namba ikiwa ndogo ndiyo inaona kwingi. Mambo ya kinyume, mdogo ndiye mlafi. Kama Yustina.

Hapo nikapata akili. Nikataka ya ishirini na nne. Mimi katikati, Yustina pembeni, lenzi inamkata kama ilivyonikata mimi. Atokee bega!

Devotha kakataa. Kasema ua ni finyu, na kanisani Padri hataki mpiga picha azurure, atasimama penye nguzo moja, atoe altare nzima na pete kidoleni bila kunyanyua mguu. Anataka ya kumi na sita. Ila kanionya: ukisimama karibu na lenzi pana, watu wa pembeni wananenepa.

Nikamwambia picha haina ugali, itamnenepeshaje mtu.

Abdulswamad akanipiga mimi katikati na pikipiki yake pembeni, nione. Pikipiki ikatoka ndefu kama lori. Nikasema pikipiki yake ndivyo ilivyo. Wakatazamana. Vijana hawapendi kushindwa.

Wamechukua ya kumi na sita. Sawa. Yustina hatakatwa, lakini pembeni ni pembeni.

Ijumaa, 15 Novemba

Tumepanda Mgeta. Ukungu, baridi, magoti yanalia.

Nimemkuta Yustina anamenya ndizi, nikakaa naye kwa upole mpaka nikajiogopa. Nikamweleza kwamba wapiga picha wa siku hizi wana sheria yao: mkubwa wa ukoo anakaa mwisho wa safu, mbele kidogo, kama mwimo wa mlango unaoshika nyumba. Katikati wanawekwa wadogo.

Nilitegemea ubishi. Hakubisha. Kasema kama ndiyo sheria, basi. Kaendelea kumenya ndizi.

Nimeshinda! Mbona imekuwa rahisi? Nimesali rozari nzima, sikumtaja.

Jumamosi, 16 Novemba

Irene kaolewa. Kalia vizuri, si kama yule Prisca aliyecheka mpaka altareni.

Mchana tukapangwa uani. Ua ni finyu, safu ikapinda kama mundu, wa mwisho wakawa karibu kumgusa Devotha. Devotha kaweka visigino ukingoni, Fransisko kamshika mkanda kwa nyuma akimkumbusha kabichi.

Mimi katikati, nyuma ya Irene kidogo, kidevu juu. Yustina kule mwisho na kitenge chake cha njano. Watu wote wakaingia. Hakuna aliyeanguka.

Leo hata nikifa.

Jumatano, 20 Novemba

Bora ningekufa Jumamosi.

Picha imeletwa, kubwa, ina fremu na kioo. Mjomba Frank, anayeshika ukoo wetu, kaitundika ukutani, ukifungua mlango tu unaiona.

Unamwona Yustina. Unaanza Yustina, unaendelea Yustina. Mabega kama ya maksai. Mkono umelala gotini kama mgomba. Kitenge kimejaa mpaka kinataka kutoka kwenye fremu. Wazee wakasimama wakaguna. Mmoja kasema hakika, ukimtazama huyu unajua ukoo una mwenyewe.

Katikati kuna kitu. Kama harage lililofungwa kilemba. Mtoto wa Maria akaomba anyanyuliwe, akaweka kidole kwenye harage, akauliza: "Na huyu mtoto aliyekaa na mabibi ni nani?"

Wakacheka. Fransisko ilibidi atoke nje.

Yustina hakucheka, hilo ndilo linaloniua. Alinishika mkono mbele ya watu wote.

"Mdogo wangu, ahsante. Umenipa mahali pangu kwa hiari yako."

Nimelala na viatu.

Alhamisi, 21 Novemba

Sijala. Nimefagia makaburi, nimemshtaki Yustina kwa mama yake. Kimya. Hata wafu wako upande wake.

Jioni Devotha kaja kunibembeleza. Kaeleza kwamba ni ule ukaribu na ile mikunjo ya safu. Harusi ya mjukuu wetu Raphael, baada ya Noeli, itakuwa Kingolwira, tambarare, uwanja mpana. Atasimama mbali, atavuta lenzi, na hapo hakuna wa kunenepa wala wa kusinyaa, kila mtu atatoka kama Mungu alivyomuumba, nikae popote. Tena pembeni kwenye lenzi pana zaidi ni kubaya, kichwa kinavutika kama papai.

Alikuwa anaongea, mimi nilikuwa nafikiri. Papai ni kubwa kuliko harage.

Basi sikia, Devotha, na usinijibu. Jumatatu urudi kwa Abdulswamad, ukachukue iliyo pana kuliko hii, ile inayoona mpaka masikio ya mpiga picha. Yustina mkalishe katikati kwa heshima zote, mpe na mto. Mimi niweke mwisho kabisa wa safu, na wewe usogee mbele mpaka nikwambie basi.