Kiranja wa Banda la Panya

Kwa Bwana Msimamizi,
Nyumba ya Nyoka.

YAH: KUPINGA PANYA WA BARAFU, PAMOJA NA MENGINE YALIYONIKAA ROHONI

Mheshimiwa Msimamizi,

Salamu zikufikie hapo ofisini, wewe na nyoka wote walio chini yako. Mimi ni mzima, ila hasira tu. Nakuandikia rasmi, kwenye karatasi ya mistari, kwa sababu na wewe ujumbe wako wa simu ulikuwa rasmi. Ulisema Nyumba ya Nyoka haitachukua tena panya wa banda langu, kwamba mmepata panya wa kugandishwa wanaokuja kwenye mifuko, na kwamba Jumamosi dereva atapita kuchukua maboksi yenu. Ukamalizia kwa kunishukuru kwa ushirikiano. Ushirikiano! Mimi shangazi yako, niliyekuogesha kwenye beseni ukiwa na tumbo kama ngoma, tukakuita Kibonge mpaka leo, nashukuriwa kama mwenye duka la vifaa vya ujenzi.

Haya. Na mimi nitakujibu kwa namba, usije ukasema shangazi amepayuka tu.

1. Kuhusu hao panya wa barafu. Nauliza: wamelelewa na nani? Nani aliwaaga? Panya wangu akitoka hapa Ijumaa anatoka ameshiba, manyoya yanang'aa, na ameambiwa neno la kuagana. Unalijua hilo, maana umesimama mara nyingi na kikapu mkononi ukitazama saa yako huku mimi nikiwahutubia wanaohitimu. Nawaambia maisha ni mafupi, na huko waendako waingie kwa heshima, kichwa mbele. Wananisikiliza. Sasa huyo wa friza, aliyekakamaa kama soksi iliyosahaulika kwenye kamba, nyoka atamheshimu vipi? Tena nasikia mnamloweka kwenye maji ya moto, halafu mnamshika kwa koleo na kumtikisatikisa ili nyoka adhani yu hai. Yaani ofisi nzima, watu wazima wenye vyeti ukutani, mnakaa kumdanganya nyoka! Njia ya mwongo ni fupi, Kibonge.

2. Kuhusu kisingizio chenu kwamba panya wangu wamepungua. Ni kweli wamepungua. Lakini hebu tazama malezi kwanza. Banda liko nyuma ya jiko la nje, bati jipya, dirisha la wavu, hewa inapita. Maboksi yamepangwa kwenye rafu, hakuna lililo sakafuni. Maranda ya kulalia nayapata kwa jirani yangu fundi seremala, meupe, hayana vumbi, na nayabadilisha kabla harufu haijafika jikoni. Chupa za maji zimening'inia kichwa chini kama ulivyonionyesha. Jua likiwa kali natandika magunia yaliyoloweshwa juu ya bati. Wanakula nafaka, karoti, na kila Jumapili yai la kuchemsha. Kuna watu hapa mtaani Jumapili inapita hawajaliona yai hata kwa dirisha! Hakuna panya mwenye kikohozi, hakuna aliyetoroka, hakuna aliyemng'ata mgeni isipokuwa yule aliyeingia bila hodi. Kama watoto hawazaliwi, kosa la mlezi liko wapi?

3. Najua ulichoanza kufikiria. Unafikiria ule ukuta.

Ndiyo, niliwatenganisha. Uliponiletea panya wa kwanza uliwapaka wino mkiani, bluu dume, nyekundu jike, ukaniagiza dume mmoja akae na majike watatu boksi moja. Niliitikia kwa kuwa ulikuwa unakunywa chai na sikutaka upaliwe. Lakini mimi ni nani, Kibonge? Maisha yangu yote ya kazi nimekuwa matroni wa bweni la wasichana. Waliniita Kufuli, wakidhani sijui. Nistaafu kwa heshima, watu wakanipigia makofi na kunipa saa ya ukutani, halafu uzeeni nije kuendesha nyumba ya namna ile nyuma ya jiko langu mwenyewe? Thubutu! Nikamwita fundi seremala akasimamisha ukuta wa mbao katikati ya banda, kutoka sakafuni mpaka kwenye bati. Mikia ya bluu kulia, mikia myekundu kushoto. Fundi akaniuliza kama nafuga panya au nafungua nyumba ya watawa. Nikamwambia apige misumari, mdomo aubane.

Wala si kwamba nina roho mbaya. Jumapili alasiri ipo saa ya kutembeleana. Namweka dume upande huu wa wavu, jike upande ule, mimi nakaa kwenye kiti katikati nafuma kitambaa changu, wanaongea yao. Kama hakuna hata mmoja aliyeleta posa, kosa ni langu?

Utaniambia pasipo dume hapana mtoto. Usinifundishe, nilijua hayo kabla baba yako hajaota ndevu. Ila nijibu na wewe hili: pale bwenini wasichana waliongezeka kila mwaka, mpaka tukaleta vitanda vya kupandana, na hakuna mvulana aliyewahi kukanyaga hata ngazi ya kwanza. Waliongezekaje? Kwa utaratibu! Utaratibu ukiwepo, idadi huja yenyewe. Kinachotakiwa ni subira, na subira ndiyo msiyokuwa nayo hapo ofisini.

4. Tena kama mngekuwa na subira, mngeona kazi ya Kiranja. Huyu ni yule uliyemleta mwezi uliopita, siku yako ya mwisho kufika hapa. Hukushuka hata garini. Ulinipitishia boksi dirishani ukasema umeniletea mmoja wa kuongeza damu mpya, ukatia gia ukaenda. Hata wino hukumpaka. Nikabaki getini na boksi mkononi kama mtu aliyeachiwa mtoto wa watu.

Basi nikamkagua mwenyewe. Sijawahi kumchungulia mtu maungoni maisha yangu yote, na sitaanza na panya. Mtu hutambulikana kwa tabia. Nilimweka mezani kutwa nzima nikamwangalia. Anakula taratibu. Ananawa uso kabla ya kula na baada ya kula. Hagombani, hapayuki, anatembea kwa maringo ya adabu kama anakwenda kupokea zawadi mbele ya wazazi. Nikasema huyu binti amelelewa akaleleka. Nikampaka wino mwekundu kwa mkono wangu, na siku hiyohiyo nikamteua kuwa kiranja mkuu wa upande wa wasichana.

Na sijuti! Kila jioni namhamishia boksi jingine akasimamie nidhamu, analala hukohuko, asubuhi namtoa. Matunda yanaonekana kwa macho. Kote alikopita wasichana wametulia kama maji ya mtungini. Ugomvi umekwisha. Wamekuwa na bidii ya kazi, wanakusanya maranda na vipande vya karatasi wanajitengenezea vitanda vizuri ajabu. Hata hamu ya kula imerudi, wengine wamenawiri mpaka wananona, nami nimewaongezea yai la Jumatano. Hiyo yote ni kazi ya kiongozi mmoja mwenye maadili. Fundi seremala alipomwona begani kwangu alitaka kumtazama kwa karibu, nikamkatalia. Si adabu.

5. Tukija kwa nyoka, hapo ndipo nilipochoka kabisa. Nilifika hapo kwenu siku ile ya wageni, nikalipa kiingilio kama mtu yeyote wala sikutaja kwamba msimamizi ni wetu. Nikawakuta chatu wawili kwenye chumba kimoja cha kioo, wamejisokota hata hujui mkia ni wa nani, mchana kweupe, mbele ya watoto wa shule! Na yule mwalimu wao anawaelezea! Halafu mnashangaa chatu mkubwa anakataa chakula. Mwenye mambo yake moyoni atakula saa ngapi? Wekeni ukuta. Fundi seremala yupo, vipimo anavijua.

6. Kwa hiyo ninaomba, kwa heshima na taadhima: panya wa barafu warudishwe walikotoka, nyoka watenganishwe, waume mbali na wake mbali, pamoja na mijusi ikiwa ipo, na mimi niteuliwe Matroni wa Nyumba ya Nyoka. Nitakuja na kiti changu, filimbi yangu na funguo zangu. Nyoka nisiyeweza kumnyoosha bado hajaanguliwa.

7. Hii sikutaka kuiandika.

Ijumaa hukuja. Ijumaa kabla ya hiyo hukuja, na ile nyingine pia. Kibonge, mimi nimelala miaka yote katikati ya wasichana mia: huyu anakohoa, huyu analia kwao mbali, wale wawili wananong'ona wanadhani sisikii. Nikastaafu, nikarudi kwenye nyumba ambayo friji likiwaka nashtuka. Wewe uliliona hilo, hukusema, ukaja na panya kwenye boksi. Mimi panya sijawahi kuwapenda. Ulipofungua lile boksi nilipanda juu ya kiti, na wewe ulicheka mpaka ukashika ukuta. Niliwakubali kwa sababu ulisema utakuwa unakuja kila Ijumaa kuwachukua. Ulikuwa unaketi jikoni, unalalamika chai yangu ina moshi, na unaongeza kikombe cha pili. Sasa unaniletea dereva. Dereva namjulia wapi mimi? Nimeandaa vikombe viwili Ijumaa tatu mfululizo, nikanywa vyote mwenyewe, na nakwambia wazi kwamba imeniuma.

Kwa hiyo maboksi hayatoki. Mwambie dereva akija Jumamosi atakuta makufuli mawili: moja kwenye mlango wa banda, na jingine limekaa kwenye kiti mbele ya mlango, limevaa miwani, linafuma kitambaa. Achague aanze na lipi.

Nisalimie mkeo na watoto, mlinzi wa getini, yule dada wa tiketi aliyenirudishia chenji kwa tabasamu, na chatu mkubwa. Mwambie nampa pole kwa chakula anacholetewa. Fundi seremala naye anawasalimu nyote.

Ni mimi, niliyekulea na bado sijamaliza,

Shangazi (Kufuli)

Nakala: Chatu mkubwa, asomewe.

Nyongeza: Bahasha nilikuwa nimeshailamba, nimeifungua tena kwa mvuke wa birika, ndiyo maana karatasi imejikunja.

Asubuhi hii nilipitia bandani nimtoe Kiranja kwenye zamu yake, niende posta. Nikasikia vilio vyembamba, kama mlango unaotaka mafuta. Nikafunua boksi la kwanza: watoto! Wekundu, hawana unyoya hata mmoja, macho wameyafumba, wamelaliana kama maharage kwenye sahani. Nikafunua la pili: watoto. La tatu, mama yuko katikati ya kazi, akanitazama kana kwamba nimeingia bila hodi. Kila boksi alilolala Kiranja limezaa au liko mbioni, mmoja baada ya mwingine, kwa ratiba niliyoipanga mimi mwenyewe. Nikapiga yowe. Fundi seremala akaruka ua na nyundo mkononi akidhani nimevamiwa. Nikamwonyesha maboksi, halafu nikamwonyesha Kiranja, aliyekuwa ameketi pembeni ananawa uso. Safari hii sikumkatalia. Akamwinua, akamgeuza, akatazama mara moja tu, akakaa chini kwenye gunia la maranda akacheka mpaka machozi yakamtoka. Nami nikaangua kicheko, Kibonge, nikacheka kwa sauti ambayo sijaisikia humu ndani tangu nirudi.

Basi futa namba mbili, panya nimezidiwa nao. Futa ya tatu, futa ya nne yote, na hao chatu waache wajisokote wanavyojua. Uteuzi wa matroni nao nimejitoa, sina sifa. Kiranja nimemvua cheo mbele ya wote, hakuonyesha kujuta hata chembe. Namba saba usiifute.

Jumamosi usimtume mtu. Njoo Ijumaa mwenyewe, ushuke garini, uje na maboksi mengine maana haya hayatoshi, na wino, na maelezo. Kufuli la mlango nimelifungua. Ule ukuta wa katikati fundi ameung'oa, na mbao zake amenitengenezea benchi, liko hapa kivulini mbele ya banda. Linakaa watu wawili. Mimi nimeshakaa.