Fundi Cherehani na Kanuni ya Tisa ya Mpakani

Tegeni masikio, enyi mliowahi kusota kwenye foleni; mwenye haraka na apite, maana habari hii haisimuliwi mbiombio. Nawahadithia vita alivyopigana Fundi, mshonaji wa magauni, bingwa wa pindo na vifungo, mwanamke ambaye hakuna zipu iliyowahi kumshinda, siku alipofika mpakani na mfuko mmoja, simu moja, na wifi yake. Walikuwa wanakwenda ng'ambo kumwoza binti wa huyo wifi.

Afisa wa forodha, mbabe wa meza ndefu, akaupindua mfuko. Ukatoka mkasi, ikatoka tepu ya kupimia, vikatoka vitambaa kumi na viwili. Fundi hakufurukuta. Kanuni zilikuwa zimebandikwa ukutani, na saa mbili za foleni zilimtosha kuzisoma mara saba: mizigo hufunguliwa bila kuulizana.

"Vitambaa kumi na viwili!" Afisa akanguruma. "Mama, hii ni biashara. Fungua na simu, tusikilize unavyoongea na wateja wako."

Lahaula! Roho ikampaa Fundi. Humo simuni hamkuwa na mteja hata mmoja. Mlikuwa na sauti tatu alizomrekodia mdogo wake juzi: ya kwanza kuhusu mapishi ya wifi, ya pili kuhusu gauni la wifi, na ya tatu akimwigiza wifi anavyokoroma, kwa ustadi mkubwa, dakika nne nzima. Na wifi mwenyewe huyo hapo ubavuni, kasimama, masikio wazi.

"Mfungulie tu, wifi," akasema kwa upole. "Kwani una cha kuficha?"

Fundi akainua kidole kilichochomwa na sindano elfu, akakielekeza ukutani.

"Ewe Afisa, mwana wa watu! Mfuko nimekupa, umeupekua mpaka kwenye sindano, sikunung'unika, ni haki yako. Lakini hebu soma kanuni ya tisa, pale chini ya feni: simu ya msafiri haifunguliwi ila kwa sababu iliyoandikwa na kusainiwa na mkuu wa zamu. Haya, andika. Nitasubiri. Mimi nimevalisha maharusi wasiojua kiuno chao kinaanzia wapi. Wewe utanishinda kwa subira?"

Afisa akageuka, akaisoma kanuni aliyoiegemea kwa mgongo miaka sita. Kuandika ni nakala tatu. Kusainiwa ni kupanda ghorofani kumkatiza mkuu chakula chake. Na nyuma ya Fundi watu arobaini walishaanza kusonya.

"Vitambaa vya nini?" akauliza, sauti imepoa.

"Sare za harusi ya binti wa huyu wifi yangu. Kadi hii hapa."

"Si ungesema mapema, mama?"

"Si ungeuliza mapema, mwanangu?"

Mhuri ukashuka, pu! Foleni ikapiga makofi.

Nje, wifi akamkumbatia huku machozi yakimlengalenga. "Simba jike wewe! Maana wangefungua yako, wangefungua na yangu."

Akajiziba mdomo. Wakatazamana.

"Kwani yako ina nini?" Fundi akauliza.

"Mambo ya kawaida tu. Yako je?"

"Ya kawaida."

Basi wakashikana mikono, wakauvuka mpaka kwa mwendo wa washindi, kila mmoja simu yake kaisokomeza kifuani. Andikeni, enyi watunza kumbukumbu: siku hiyo sheria ilisimama imara, na ukoo mzima ukafika harusini ukiwa bado unasemezana.