Nyota Zangu, Jina la Muigai

Jumatatu, 15 Oktoba 1951

Habari njema! Nyapara mkuu ameacha kazi, mgongo umemshinda. Nyumba yake iko wazi. Kuta za mawe, mabati juu, mlango wenye kitasa. Mwenye shamba, Bwana Harlow, alitangaza leo pale kwenye mizani ya kahawa kwamba nafasi hiyo ni ya askari aliyepigana Burma, kwa kuwa yeye mwenyewe alipigana huko. Jumapili ya kuwakumbuka waliokufa vitani atakagua vifua vyetu kwenye gwaride la Thika. Atakayekuwa na nyota ya Burma na akili timamu atapewa ufunguo siku hiyo hiyo.

Nikamwambia mke wangu Wamboi aanze kufunga vyombo. Akatazama juu, pale nyasi zinapovuja juu ya kitanda cha binti yetu Nyawira, anayekohoa tangu mvua za Aprili. Akasema, Baba Nyawira, nitafunga vyombo nikiuona ufunguo. Mwanamke huyu hana imani hata kidogo!

Shida ni ndogo tu. Nina medali mbili, lakini nyota sina. Siku ya kuzigawa nilikuwa hospitali nikitetemeka kwa malaria, na karani akaniruka. Miaka sita sasa nakaa bila nyota zangu, na watu hapa Ruiru wanafikiri Burma ni hadithi niliyosikia kwa wengine. Inaniuma.

Jumanne, 16 Oktoba

Dalmas Opiyo, dereva wa lori la shamba, anazo zote nne, medali mbili na nyota mbili. Huzing'arisha kwa majivu kila Jumamosi na kupita nazo polepole mbele ya nyumba yangu. Nyapara hataki kuwa, anapenda lori lake. Tulikuwa kikosi kimoja cha Keya, jeshi la Waafrika chini ya Mwingereza. Nilimbeba mgongoni kwenye matope ya mto Chindwin, Mjapani akitumiminia risasi. Na mtu kama huyo leo nimemwomba nyota moja kwa siku moja tu, akakataa! Anasema nyota si jembe la kuazimana.

Basi nikakata ya kwangu kutoka kwenye kifuniko cha debe la mafuta. Nikajikata kidole. Nikamwonyesha Dalmas, akacheka mpaka akakalia gurudumu. Nimekata pembe tano, ya kweli ina sita. Wamboi sasa anaitumia kukwangulia nduma, na anasema ni nzuri sana kwa kazi hiyo.

Alhamisi, 18 Oktoba

Leo nimefanya jambo la kiume. Niliazima baiskeli ya Dalmas (hiyo hakukataa) nikaenda mpaka Thika, ofisi ya Bwana DC, mkuu wa wilaya, kudai rekodi zangu zisahihishwe. Karani wa askari wa zamani ni Nicanor, kijana mpole, kalamu tatu mfukoni. Aliniuliza jina. Nikajibu bila kupepesa: Muigai wa Kagwe.

Si uongo! Nyumbani mimi ni Gathogo, lakini jeshini nilikuwa Muigai. Mwaka wa arobaini na mbili nilikuwa nimemtoroka bwana mmoja wa mkonge kule Makuyu, na kipande changu, kile cheti cha kazi, akakikalia bila kukitia sahihi. Bila sahihi huandikwi jeshi wala kibarua. Nikaazima kipande cha kaka yangu Muigai. Yeye akadai chake kimepotea, akapewa kingine, akabaki kwetu Gitothua akinywa uji wa mama. Kwa hiyo Burma nilienda mimi, na jina likaenda lake. Akili nyingi! Nilijisifu wakati huo, na najisifu hata sasa.

Nicanor alisema yote yanawezekana, mradi nipate shahidi aliyekuwa nami vitani.

Jumatano, 24 Oktoba

Shahidi nimempata. Dalmas alikubali kwa shingo upande. Nicanor akamuuliza kama anamjua mtu huyu, naye akasema anamjua vizuri, jeshini walimwita Muigai na alikuwa mbishi. Yote kweli tupu. Hiyo ya mbishi haikuhitajika.

Tukirudi Dalmas aliniuliza kwa nini nisiwaambie jina langu la kweli na mambo yaishe. Nikamwambia mambo ya ofisi si kama kuendesha lori. Akapiga mluzi njia nzima mpaka Ruiru. Wivu huo.

Jumatatu, 29 Oktoba

Nairobi wamekubali! Nicanor anasema wenyewe wameona kwamba karani wao aliniruka. Nyota mbili zinakuja! Nilicheza pale pale ofisini, nikamwagia wino mama mmoja aliyekuja kwa mambo yake ya shamba.

Halafu Nicanor akaendelea. Nishani zilizosahauliwa zitatolewa na Bwana DC mwenyewe, kwenye gwaride, kwa kuita jina. Na barua ya mwito itapitia kwa chifu mpaka nyumbani kwa Muigai wa Kagwe, Gitothua.

Niliacha kucheza.

Bwana Harlow atakuwa pale jukwaani. Yeye ananijua kama Gathogo. Nikiitika Muigai, ataniuliza ni tangu lini. Nisipoitika, nyota zinarudi Nairobi. Nimefikiri njia nzima nikirudi, mpaka nikaingia na baiskeli katika mtaro wa Dalmas wa kuoshea lori.

Alhamisi, 1 Novemba

Muigai amefika na barua ya chifu mkononi, kifua mbele, akauliza ameshinda nini.

Nilikuwa nimeshapata mpango. Mpango mzuri kuliko yote! Muigai aitike jina lake mwenyewe, achukue nyota, asalimu, aondoke. Tukutane nyuma ya duka la Mhindi wa vitambaa. Anikabidhi, nizibandike kifuani, nikimbie kwenye mstari wa watu wa shamba letu kabla Bwana Harlow hajaanza kukagua. Hakuna aliyedanganya. Muigai ameitwa Muigai, na shujaa amevaa nyota zake.

Wamboi alisikiliza akikoroga uji. Akasema kama mimi ndiye niliyepigana, kwa nini anayetayarishwa ni mwingine? Nikamwambia asiyejua maana haambiwi maana. Akanipa uji wa chini ya sufuria, ulioungua.

Muigai amekubali, lakini ataka koti langu la jeshi. Anasema hawezi kupigiwa saluti akiwa na shati lililotoboka. Nimempa.

Jumamosi, 3 Novemba

Leo nimemfundisha gwaride kati ya mistari ya kahawa. Kushoto, kulia, geuka nyuma! Wachumaji waliacha madebe yao kuja kutazama. Muigai huyu, ambaye maisha yake yote hajawahi kuharakisha hata kwenda kula, anatembea vizuri kuliko sajini wetu. Nilitokwa na machozi ya fahari. Halafu akasema mguu mtupu hauna sauti, akachukua buti zangu.

Alhamisi, 8 Novemba

Amechukua kofia pia. Na medali zangu mbili za zamani, eti nyota peke yazo zitaonekana yatima. Kikulacho ki nguoni mwako, wazee walisema, na sasa nguo zenyewe anazo yeye.

Nikamwambia Bwana DC akimuuliza jambo, anyamaze. Muigai akasema shujaa bubu hutiliwa shaka, afadhali nimpe maneno mawili matatu ya Burma. Basi nikamsimulia. Mji wa Kalewa, mvua, ruba wa miguuni, nyumbu walivyozama. Na Dalmas mgongoni kwangu. Nilikuwa sijamsimulia mtu yeyote hiyo habari mpaka mwisho. Nilipofika pale Dalmas alipoanza kumwita mama yake, nilijifuta uso kwa shati. Muigai akaniuliza kama Dalmas alimwita kwa Kijaluo ama kwa Kiswahili, ili asikosee.

Jumapili, 11 Novemba

Sina hamu ya kuandika, lakini nitaandika.

Thika ilijaa. Tarumbeta, bendera, wake wa wazungu na kofia zao. Mimi nilisimama nyuma ya duka la Mhindi na shati la kanisani na malapa ya mpira, nikichungulia. Bwana DC akaita: Muigai wa Kagwe! Akatoka. Kushoto, kulia, buti zangu zikilia. Saluti safi. Nyota mbili zikapachikwa kwenye koti langu. Watu wakapiga makofi, na mimi nikapiga pia. Ningefanyaje? Ni kazi ya mikono yangu.

Sasa ashuke. Hakushuka. Bwana Harlow alikuwa amemshika mkono. Akamuuliza alikuwa wapi huko Burma, na Muigai akaanza. Kalewa. Ruba. Nyumbu. Bwana Harlow akavua kofia. Muigai akamalizia na rafiki ambaye eti alimbeba mgongoni, tena akalia kidogo! Bwana Harlow akaingiza mkono mfukoni na nikauona ufunguo, kwa macho yangu, ukitoka.

Nilisahau mpango. Nilikimbia mpaka jukwaani, lapa moja likabaki njiani, nikapiga kelele kwamba huyo si yeye, ni mimi!

Bwana Harlow akauliza huyu kibarua wake ana nini leo. Muigai, mwana wa mama yangu, akasema mimi ni mdogo wake na wazimu hunipata hivi jua likiwa kali. Ngai, Mungu wangu!

Ndipo Dalmas alipotoka mstarini bila kuitwa. Alisimama wima, akasema kwa sauti kubwa kwamba aliyebebwa ni yeye, na aliyembeba ni Gathogo huyu mwenye lapa moja, wala si mwingine. Sikuwahi kumpenda Dalmas kama nilivyompenda wakati ule.

Bwana DC alifungua faili. Akatazama faili, akanitazama. Akauliza polepole: kwa hivyo uliingia jeshini na kipande cha mtu mwingine? Akaeleza, kwa upole mbaya sana, kwamba hiyo ni kesi. Tena mwenye kipande na mwenye kuazima wote wawili hulala jela. Nyuma yake Muigai alikuwa amegeuka rangi ya majivu. Katika watu nilimwona Wamboi, Nyawira akikohoa mgongoni kwake.

Nilisema: Hapana, bwana mkubwa. Mimi sijafika Burma.

Watu walicheka. Dalmas hakucheka. Bwana Harlow alisema ni aibu kubwa mtu kuiba vita vya nduguye, ila atanisamehe kwa ajili ya shujaa. Akampa Muigai ufunguo.

Tulirudi Ruiru kwa miguu, mimi na Wamboi. Sikuweza kumtazama. Karibu na daraja akasema anajua kabisa nani alienda Burma, kwa sababu ni mimi ninayempigia kelele usingizini alale chini, alale chini, mabomu yanakuja. Akaniambia nimpokee mtoto, amechoka. Nikambeba Nyawira mpaka nyumbani, na nililia, na sioni haya kuandika.

Jumatatu, 12 Novemba

Nyapara mkuu Muigai ameanza kazi. Kwa amri yake ya kwanza nimebeba kitanda chake kukiingiza kwenye nyumba ya mawe. Mabati yale ni mazuri sana, nimeyatazama kutoka ndani. Amesema Nyawira anaweza kulala jikoni kwake wakati wa mvua. Wamboi alishampeleka kabla hajamaliza kusema, na godoro lake, na sufuria mbili, na mimi nikiuliza naambiwa ninyamaze. Koti amekataa kurudisha, eti ni sare ya kazi.

Jioni Dalmas alikuja na lapa langu. Akakaa. Akasema nimeponea chupuchupu, na ya kuazima majina sasa niyaache, nitulie, nichume kahawa kama watu. Nikamwambia kweli, nimekoma kabisa. Tukanywa chai vizuri, kwa mara ya kwanza tangu vita.

Akiaga alitaja, kupitisha maneno tu, kwamba kiwanda kimoja cha Thika kinatafuta dereva wa lori, na dereva anapewa nyumba. Ya mabati. Yeye hataki, karibuni anaenda likizo kwao mwezi mzima.

Nikamwomba aniachie karatasi yake ya udereva, niiangalie tu. Alinitazama sana. Lakini mtu niliyembeba kwenye risasi atanikatalia vipi karatasi? Ameniachia.

Haina picha! Jina tu: Dalmas Opiyo. Watu wa kwao hung'oa meno ya chini, basi nitaongea mdomo ukiwa nusu wazi, wasiyaone yangu. Lori nitajifunza nikiwa nalo barabarani, si ni kama nyumbu mwenye magurudumu? Na nimekumbuka kwamba Opiyo kwao ni jina la pacha anayetangulia kuzaliwa. Wakiniuliza pacha wangu yuko wapi, jibu ninalo: ni nyapara mkuu huko Ruiru, shujaa wa Burma, na sura tumefanana kweli.