Sabuni ya Mama Immakulata

Jumatatu, 3 Juni
Nimepata njia! Mama Immakulata, mama yake Chantal wangu, hutengeneza sabuni za mawese hapa Kasulu. Akishazikata huziacha wiki nyingi zikomae. Ijumaa anataka kupeleka mzigo sokoni Kibondo na hana hata kipande kilicho tayari. Mimi ni mwalimu wa hisabati. Nikimtajia siku hasa zitakapokuwa tayari, nani ataninyima binti?

Jumanne, 4 Juni
Tumekoroga mawese na kostiki, ile dawa kali inayounguza ngozi. Mara kwa mara nikachota kidogo, nikapima kostiki iliyobaki. Inashuka vibaya sana! Nikachora grafu, nikaweka mstari unaogusa mchirizo wa vipimo vyangu pale mwanzo. Mteremko wake ndiyo kasi. Kalkulasi hiyo! Nikaurefusha mstari hadi chini: Alhamisi kostiki imekwisha.

Nasma, mwalimu wa kemia aliyeniazima vifaa, akasema hiyo ni kasi ya mwanzo tu. Vitu vikipungua chunguni, nayo hupungua. Nipime tena kesho. Wivu.

Alhamisi, 6 Juni
Nikatangaza kwamba sabuni zimeiva.

“Una hakika, mwanangu?” akauliza Mama Immakulata.

Mwanangu! Sikupima kitu. Nikamwambia hesabu haidanganyi. Akachukua kipande, akaanza kufua mashuka. Punde akapiga yowe.

Ijumaa, 7 Juni
Viganja vyake vimebabuka. Chantal alinizuia mlangoni. “Mama hakulala.” Kutoka ndani nilifokewa kwa Kiha, kwa Kiswahili, kisha kwa Kiha tena. Mzigo haukwenda Kibondo.

Jioni nilimfuata Nasma, tukapima upya. Mchirizo ulikuwa umejikunja, umelala karibu na sifuri bila kuigusa. Niliutazama sana. Kumbe kile kidogo cha mwisho ndicho huchelewa kuliko vyote. Mimi nilipima mwanzo, nikajifanya naujua mwisho. Na mikono ile ndiyo iliyomsomesha Chantal. Niliona haya, sikuweza kula.

Jumapili, 9 Juni
Nje ya kanisa nimemsalimu Mama Immakulata. Ameitikia! Kwa kichwa tu, lakini ameitikia. Kutoka yale matusi ya Ijumaa hadi kichwa leo, hasira inashuka kwa kasi kubwa. Nimeichorea grafu, nikaweka mstari, nikaurefusha. Jumatano mchana hasira imekwisha kabisa.

Nimempigia mjomba kule Busunzu aje na koti lake. Jumatano jioni tunakwenda kuposa.