Saba Kila Mahali

Jumatatu, 6 Oktoba
Alhamisi inatoka orodha ya dunia ya ushindani wa kiuchumi. Machi, ofisini, nilikabidhiwa madodoso arobaini niwapelekee wakuu wa makampuni, waipe nchi yetu alama, moja hadi saba. Nikampelekea mmoja. Mlinzi wake akaniweka getini saa tatu nzima. Yale thelathini na tisa nikayajaza mwenyewe jikoni, kwa kalamu za rangi tatu. Saba kila mahali. Uzalendo huo! Lakini naogopa.

Jumanne, 7 Oktoba
Jirani yangu wa meza, Miwani, kaniuliza kama niliwahi kuyasoma yale maswali. Nikasema nimeyakariri. Akasema mengine yamegeuzwa: rushwa inakukwamisha kiasi gani, moja haikukwamishi, saba inakukwamisha mno. Nikacheka. Kisha nikajifungia msalani mpaka mfagizi akagonga.

Jumatano, 8 Oktoba
Nikamwambia mke wangu naweza kufukuzwa kazi, hata kufungwa. Akanikumbusha kwamba madodoso kumi na mawili yana mwandiko wake. Akasema wakija kuuliza, yeye hanijui.

Alhamisi, 9 Oktoba
Tumeporomoka nafasi kumi na tisa. Barabara zetu ni za kwanza duniani. Rushwa yetu pia. Majirani zetu, tuliozoea kuwacheka, wako juu yetu na wanapongezana redioni. Mkurugenzi ametukusanya, akasema nchi ina wasaliti arobaini na atawapata mmoja mmoja. Miwani alikuwa ananitazama mimi tu.

Ijumaa, 10 Oktoba
Imeundwa kamati ya kuwasaka. Wakataka katibu anayewafahamu wakuu wote arobaini. Miwani akanipendekeza, huku anatabasamu, nyoka yule. Natakiwa niwapelekee fomu wajieleze, zirudi zote Jumatatu. Ikipungua hata moja, kazi sina. Nimeshamwagia chai fomu tatu.

Jumamosi, 11 Oktoba
Nimetulia kidogo. Yule mlinzi sirudi kwake ng'o. Nimenunua kalamu, safari hii rangi nne, na mke wangu amekwenda kwa dada yake, kwa hiyo mwandiko ni wangu mtupu. Swali la kwanza: wewe ni raia mwema? Rahisi sana. Mengine sina muda wa kuyasoma, fomu ni arobaini. Nimeandika ndiyo kila mahali.