Mwenyekiti Asiye na Pikipiki

Bahati ya Yasini ilianzia kwenye ukosefu wa wino. Mashine ya fotokopi ya Chuo cha Sayansi za Mwambao ilikuwa imekauka tangu Ramadhani, kwa hiyo karani wa chuo alitumwa Ngamiani, kwenye duka la steshenari, akatoe nakala arobaini za tangazo fulani. Yasini naye alikuwa pale, anasubiri cheti chake kipya cha shahada ya uzamivu kivishwe nailoni.

Ni vyema mjuane naye. Yasini aliwahi kuuza kiwanja kimoja cha mtaa wa Mabawa kwa watu watatu, na wote watatu mpaka leo humsalimia kwa furaha, kila mmoja akiwahurumia wale wawili. Nakala moja ilipomponyoka karani, yeye ndiye aliyeiokota. Shirika la misaada la serikali ya nchi moja ya baridi lilikuwa linavialika vyuo vikuu viombe fedha za mradi, kwa sharti kwamba nusu iende moja kwa moja kwenye akaunti ya kikundi cha wananchi kitakachoshirikiana na chuo. Hiyo nusu aliisoma mara tatu. Kisha akamrudishia karani karatasi yake, akamsaidia na mzigo hadi chuoni.

Mkuu wa chuo, Profesa Laurenti, alikwisha kuomba fedha za namna hiyo mara nne, na mara nne akajibiwa kwa barua ya kumtakia kila la heri.

"Kosa lako, Profesa, unaandika shida zako," Yasini alimwambia, cheti kikiwa mezani. "Mara ya mwisho uliomba nini?"

"Gari, maabara na paa la bweni."

"Unaona sasa. Wale si shemeji zako. Serikali yao ina mambo inayotaka kuwaonyesha walipa kodi wake: tabianchi, wanawake, vijana, uendelevu. Yaandike hayo, wajione wenyewe humo."

"Na gari?"

"Gari lisitajwe. Andika 'chombo cha kuifikia jamii.'"

Profesa akaandika. "Na hicho kikundi cha wananchi?"

"Kikundi ninacho."

Hakuwa nacho. Profesa naye, msomi wa miaka thelathini, hakuuliza zaidi, maana alikwisha kujiona kiti cha nyuma, vioo vimepandishwa, kiyoyozi kinampuliza shingoni.

Kikundi Yasini alikipata Mabawa. Wanawake kumi na wawili, kiongozi wao Bi Kijakazi, walikuwa wakinunua machungwa ya Muheza yaliyopondeka njiani na kuyakamua kwa mikono. Msimu ukishika kasi, yaliyooza yalikuwa mengi kuliko yaliyokamuliwa, na vidole vyao vilichubuka vikawa haviwezi hata kufunga kanga. Walichokitaka duniani ni mashine ya kukamulia. Miradi mitatu ilikwisha kuwapiga picha kwa ajili hiyo, na kila mmoja uliwaachia fulana.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Fulana za rangi gani safari hii?"

"Safari hii mashine, mama. Nitawasajilia kikundi bure. Mie nitakuwa mwenyekiti, nihangaike na karatasi, na benki nitaweka sahihi mie mwenyewe, ninyi msiteseke na foleni."

Bi Kijakazi alimtazama viatu, akapanda naye mpaka kwenye tai. "Haya. Ila hiyo katiba ukishaiandika, niletee nakala."

"Utaisoma, mama?"

"Nisipoisoma nitafunikia mitungi."

Mimi nimeona vikundi vingi, na sijaona katiba iliyoandikwa; zote zimenakiliwa. Yasini alichukua ya chama cha bodaboda, akafuta pikipiki kila alipoiona, akatia machungwa. Ilitaka wanachama kumi na watano, kwa hiyo juu ya wale kumi na wawili akajiongeza yeye mwenyewe, na marafiki wawili ambao hawajapata kuzaliwa, Sele na Zabron. Ilisema pia kwamba uongozi haubadilishwi ila kwa kikao cha wanachama wote kumi na watano. Kifungu hicho kilimpendeza sana. Bila sahihi yake, nani angemng'oa? Nakala akampelekea Bi Kijakazi bila wasiwasi.

Andiko likapita mchujo, na shirika likamtuma afisa wake, Bi Loveness, atoke Dar es Salaam aje akione kikundi kwa macho. Siku hiyo Yasini alifika Mabawa mapema, ndani ya suti ya kijivu.

"Akiwauliza changamoto, semeni tabianchi," aliwafunda wanawake. "Msiseme njaa. Njaa imepitwa na wakati."

"Tumesikia," alisema Bi Kijakazi. "Kabla mgeni hajaja, tufanye kikao kidogo, tuonekane kikundi cha kweli."

"Fanyeni, fanyeni," Yasini alijibu, simu sikioni. Profesa alikuwa anauliza kama inawezekana kuchagua rangi ya gari.

Bi Kijakazi akasoma ajenda kwa sauti, tena bila haraka. Akasema wanaoafiki wanyooshe mikono. Yasini, mgongo amewapa, akanyoosha wa kushoto, kwa kuwa katika semina zote alizohudhuria hajamwona aliyenyoosha mkono akakosa soda. Kisha ikapitishwa karatasi ya mahudhurio.

Hapa, msomaji, usimcheke upesi, huenda na wewe umo. Tunao watu ambao wakiiona karatasi ya mahudhurio mkono huenda wenyewe, maana penye mahudhurio pana posho. Yasini alikuwa ameishi miaka sita kwa karatasi hizo. Alisaini semina ya nyuki, ya mbu, na moja ya wakunga. Mkataba wa kiwanja aliweza kuusoma mpaka nukta ya mwisho, lakini mahudhurio hayasomwi, husainiwa. Akaweka sahihi yake. Akatazama huku na huku, akaweka ya Sele kwa kuilaza, kisha ya Zabron kwa mkono wa kushoto. Bi Kijakazi akampa bahasha tatu nyembamba, wala hakumuuliza kitu.

Bi Loveness alipofika aliuliza swali lilelile la changamoto.

"Machungwa yanaoza na mikono inauma," Bi Kijakazi alimjibu. "Tabianchi atakueleza huyu mwenye suti."

Bi Loveness akacheka, akaandika kwa muda mrefu. Yasini alilowa jasho mpaka kwenye mikunjo ya suruali, lakini baada ya miezi mitatu jibu lilikuja: chuo kimeshinda.

Asubuhi fedha zilipoingia, Yasini alikwenda benki na begi la nguo. Tiketi ya basi la Mombasa ilikuwa mfukoni mwa shati. Binti wa dirishani akabonyeza vitufe vyake, akasita.

"Baba, wewe si mweka sahihi wa akaunti hii."

"Mimi ndiye mwenyekiti."

"Ulikuwa." Akafungua jalada. "Muhtasari wa kikao huu hapa, na mahudhurio, na barua ya afisa maendeleo ya jamii wa kata. Vyote vimekamilika."

Yasini akasoma. Ibara ya tisa ya katiba ya kikundi, ile iliyomponyoka alipofuta pikipiki: mwenyekiti sharti awe anamiliki pikipiki. Mwenyekiti wa sasa hana. Bi Kijakazi anayo, anaiendesha mkwewe. Kwa hiyo Bi Kijakazi ndiye mwenyekiti na mweka sahihi, kama walivyoafiki wanachama wote. Sahihi ya kumi na tatu ilikuwa ya Yasini mwenyewe. Ya kumi na nne na ya kumi na tano zilikuwa zake pia, na hapo hapakuwa na pa kulalamikia bila kuulizwa Sele ni nani.

"Wote kumi na watano," binti alisema kwa heshima. "Vikundi vingine wanachama huwa hawatimii."

Yasini alijifungia ndani wiki tatu, mwenyewe akijipa pole. Alikuwa ameibiwa, na kilichomuuma ni kwamba ameibiwa kihalali. Kisha miguu ikampeleka Mabawa. Mashine ilikuwa inanguruma uani. Nje lilisimama guta jipya la matairi matatu ambalo shirika lilikipa chuo, limeandikwa ubavuni "Chombo cha Kuifikia Jamii", na Profesa Laurenti, na tai yake, alikuwa anasaidia kushusha magunia. Hakumsalimia.

Bi Kijakazi akamletea glasi ya maji ya machungwa, fulana tatu, na daftari.

"Saini umepokea."

Yasini akashika kalamu, akaiachia. Akasoma ukurasa ule toka juu mpaka chini, akaugeuza nyuma, hakuona kitu zaidi ya glasi na fulana.

"Sele na Zabron hawajambo?" aliuliza Bi Kijakazi. "Mbona hawaji kuchukua zao?"

"Wamehama, mama," Yasini alisema. "Wamekwenda Mombasa."

"Kumbe. Basi wewe uliyebaki shika kisu. Mashine inakamua, haimenyi, na magunia hayo hayafiki kesho."

Yasini akavua koti la suti, akalikunja juu ya fulana. Kabla hajakaa akauliza, kwa sauti ya chini, kama kuna mahudhurio.