Kabureta ya Baba Mkwe

Jumatatu, 3 Juni
Nimekwisha! Baba mkwe anarudi Jumamosi. Miezi mitatu yuko kwa dada yake akiuguza mguu, na pikipiki yake kaniachia mimi. Ina umri mkubwa kuliko mke wangu. Sharti lilikuwa moja tu: niiwashe kila Ijumaa jioni, dakika tano. Sijaiwasha hata mara moja. Kila Ijumaa jioni akinipigia simu ya salamu, mimi nasikiliza redio. Leo nimepiga kiki arobaini. Kimya. Mke wangu kauliza nafanya nini. Nimemwambia mazoezi ya miguu.

Jumanne, 4 Juni
Shemeji, kaka wa mke wangu, kapita. Ni fundi pikipiki, na haachi kunikumbusha. Kauliza kama nahitaji msaada. Nikamjibu inanguruma kama simba. Katazama ninavyochechemea, kacheka, kaenda zake. Bora nife kuliko kumwomba yule!
Nimefungua kabureta juu ya meza ya chakula. Petroli ya zamani imeganda humo kama gundi. Nimeisugua kwa mswaki. Wa mke wangu, kwa bahati mbaya.

Jumatano, 5 Juni
Kile kitundu kinachopitisha petroli kimeziba. Nimekizibua kwa sindano ya cherehani. Imeingia vizuri. Vizuri mno! Kitundu sasa ni shimo. Nimerudishia kila kitu, ikabaki springi moja. Nimeitia mfukoni, nikapiga kiki. Ikawaka! Moshi mweusi tii, ukatua kwenye mashuka ya jirani. Petroli nayo ikaanza kuchuruzika chini. Jirani kasema maneno nisiyoweza kuyaandika.

Alhamisi, 6 Juni
Nimepata wazo! Nimempigia baba mkwe, nikamsihi asiharakishe, mguu si kitu cha kuchezea. Kaguswa sana. Kasema kwa upendo huo, anakuja kesho.

Ijumaa, 7 Juni
Kaja. Hata hajakaa, kauliza nani kaifungua. Nilidhamiria kusema kweli, naapa. Mdomo ukasema: shemeji. Kumbe shemeji kasimama nyuma yangu! Kanyoosha kiganja. Nikatoa springi.
Kachuchumaa, kabadilisha kile kipande nilichokitoboa, karudishia springi. Kiki moja tu, ikawaka. Mzee kafumba macho, machozi yakamtiririka. Ndipo akaniambia: zile simu zake za Ijumaa jioni hazikuwa za salamu. Alitaka kusikia mlio wa pikipiki yake kwa mbali. Alisikia redio yangu.
"Mwanangu," kasema, "ungeniambia 'nimeshindwa,' yangeisha."
Nimelia. Nimewaomba radhi wote wawili. Nimeapa: tangu leo, nisichokiweza nitasema.

Jumapili, 9 Juni
Bomba la jikoni linadondosha. Mke wangu kataka kumwita kaka yake. Nikamwambia wa nini, kazi ya dakika mbili! Nikajifungia humu jikoni. Naandika nikiwa nimekaa juu ya meza. Maji yamefika vifundoni. Nimeziba chini ya mlango kwa taulo. Wanagonga. Nimewajibu nimebakiza kidogo tu.